Mkono Mmoja Mfukoni

Transfoma ilikuja ndani ya bati la biskuti,
nzito kama tofali lililoloa,
na kikaratasi kimegandishwa juu yake kwa utepe:
340, sifuri, 340. Nzima. Usiangushe.
Mwandiko wa Archie Geddes, fundi wa televisheni,
wa ghorofa ya chini, hapa Paisley. Alizikwa Machi.
Bi Isobel aliniletea mlangoni
kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.
"Wewe ndiye unayechezea waya," akasema.
Ndiye.

Nafanya kazi za usiku, wodi ya wazee.
Naamka saa nane mchana, mvua iko dirishani,
nina meza, nina solda, na sinia la kuokea
nililolitoboa kwa keekee mpaka wa juu
akagonga sakafu kwa kisigino.

Watu huniuliza amplifaya iko wapi.
Hakuna amplifaya. Bado.
Kwanza jiko, ndipo karamu.
Umeme wa ukutani ni mbichi,
unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani;
ukiupeleka hivyo kwenye spika
utasikia mvumo tu, nyuki ndani ya mtungi.
Kwa hiyo unaupandisha, unauchuja, unaubembeleza.
Valvu ya kwanza ni bawabu:
wa kuingia aingie, wa kutoka hatoki.
Kisha kapasita, kisha koili ya chuma isiyopenda mabadiliko,
kisha kapasita tena,
chai iliyopitishwa chujio mara mbili
kwa ajili ya mgeni mkorofi.

Siku ya kuwasha niliweka balbu ya wati mia
katikati ya njia, kama kafara.
Ikiwaka ikabaki inawaka, kuna kosa, zima.
Iliwaka. Nikahesabu. Ikafifia.
Ndani ya kioo cha valvu kitu kikaanza kuiva,
rangi ya chungwa.
Mita ikapanda: mia mbili, mia tatu na themanini,
mia nne sabini na mbili, ikatulia.
Nikazima, nikachomoa, nikavaa sare,
nikaenda kazini na furaha ya kijinga.

Asubuhi, koti bado limelowa mwilini,
kidole changu kilikuwa nusu shibiri kutoka kwenye waya
niliposikia mlango.
Bi Isobel, anataka bati lake.
"Archie alikuwa akiweka mkono mmoja mfukoni," akasema,
akinitazama mikono. "Hata mezani.
Hata akipaka mkate siagi."
Nikatia wangu mfukoni. Kwa ule mwingine, mita.
Volti tisini na moja.
Saa kumi na mbili zimekaa gizani, plagi iko sakafuni,
zikiningoja.

Kapasita ina kinyongo.
Unaizima, haisahau.

Sikulala siku ile. Nilitafuta rezista,
nyekundu, nyekundu, njano,
nikaifunga sambamba nayo.
Kazi yake ni moja: kumwaga polepole
kilichobaki baada ya kuzimwa.
Faida nyingine haina. Inakula umeme kidogo,
inapata moto bure.
Bi Isobel akauliza ni ya nini, nikamweleza.
Akakatazama kale kadude ka milia
muda mrefu kuliko kalivyostahili.
"Bei gani?"
"Peni kumi."
"Rahisi hivyo," akasema. Hakuendelea.

Tukawasha tena.
Akainama, sikio lake zima likakaribia transfoma ya mumewe,
nywele zake nyeupe zikapata rangi ya valvu.
"Sisikii kitu."

Kwetu husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mshindo wenyewe bado: spika hazijanunuliwa,
valvu nne ziko posta mahali fulani,
na sinia lina matundu mawili
niliyoyatoboa kwa makosa, sijui nitayaziba kwa nini.
Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Akavuta kiti. Bati la biskuti akaliweka magotini.
Mvua haikukoma.
Tukakaa pale tukisikiliza.